Hasheem Abaki kwa Kazi, Si kwa Jina

Barua ya wazi kwa Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania

Kwa: Rais na Kamati ya Utendaji ya TBF, pamoja na benchi la ufundi la timu ya taifa.

Nakala: Baraza la Michezo la Taifa, maofisa michezo wa Mkoa wa Kagera, Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba.

YAH: NAFASI YA WACHEZAJI WAKONGWE KATIKA TIMU YA TAIFA

Waheshimiwa viongozi,

Mimi ni mzaliwa wa Kamachumu, wilayani Muleba, na kwa miaka mingi nimewafundisha kikapu vijana wa shule na wa mitaani, Muleba na Bukoba mjini. Kazi hii sikutumwa na mtu; naifanya kwa mapenzi. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linazungumzwa hadharani, na kwa sababu sauti ya mikoa ya pembezoni huchelewa kufika pale kikosi kinapopangwa.

Kila timu ya taifa inapotajwa, vijana wangu hubishana kuhusu mtu mmoja: Hasheem Thabeet. Wapo wanaosema aitwe, kwa kuwa hatujapata mwingine kama yeye. Wapo wanaosema muda wake umekwisha, apishe. Nimewasikiliza wote, na msimamo wangu ni kwamba abaki, ila abaki kwa kazi anayoweza kuifanya leo, kwa mtihani ule ule wanaofanyiwa wengine, na kwa makubaliano kwamba kubaki kwake kutaacha warithi. Kinyume cha hapo, tutakuwa tunaliita jina na kumwacha mchezaji nyumbani.

Nianze na haki yake. Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987, akaanza kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani huwa wameshacheza karibu muongo mzima. Akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, akatajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mwaka 2008 na tena 2009, na mwaka huo wa pili chuo chake kikafika nusu fainali ya taifa. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika uteuzi wa NBA, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Baada ya Memphis alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na safari yake ya NBA ikakoma mwaka 2014. Tangu hapo amecheza ligi za chini za Marekani, akacheza Japani na Taiwan, kisha akarudi nyumbani kuvaa jezi ya klabu ya Dar City.

Wamarekani wengi humkumbuka kwa kile ambacho hakukifikia. Sisi hatuna sababu ya kuazima kipimo chao. Mtu aliyeanza mchezo amechelewa, katika nchi isiyokuwa na mfumo imara wa kumlea, akafika kucheza zaidi ya mechi 200 katika ligi ngumu kuliko zote duniani, ametuonyesha umbali ambao kijana wetu anaweza kwenda. Heshima hiyo ni yake hata asipoivaa tena jezi ya taifa. Lakini heshima haizuii mpira. Kwa hiyo tuiweke pembeni kwanza, tuutazame uwanja.

Uwanjani, hoja ya kumbakiza ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Ana urefu wa sentimita 221. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini, maana yake kutoka utosini pake hadi kwenye ringi ni sentimita 84 tu. Urefu hauzeeki. Na kanuni za FIBA, ambazo ndizo zinazotumika katika mashindano ya Afrika, zinampa mlinzi mrefu faida ambayo NBA inamnyima. Katika FIBA, anayekatazwa kukaa zaidi ya sekunde tatu chini ya goli ni mshambuliaji; mlinzi anaruhusiwa kusimama pale muda wote autakao. NBA humwadhibu mlinzi anayeganda pale bila kuwa karibu na mtu wa kumkaba. Kwa hiyo mkongwe mwenye macho ya kusoma mchezo, akisimama katikati ya ulinzi wa kanda, anaweza kuharibu mashambulizi kumi bila kukimbia mita ishirini. Wapinzani hubadili namna wanavyoingia, hurusha kutoka mbali kuliko wanavyopenda, hupiga pasi ya ziada ambayo hawakuipanga. Kazi hiyo haionekani kwenye karatasi ya pointi, lakini kila kocha anaijua.

Udhaifu wake nao uko wazi, na ni haki tuutaje. Timu yenye pointi gadi mwepesi na warushaji wazuri itamvuta atoke chini ya goli. Wataweka skrini kwenye mstari wa pointi tatu, mita 6.75 kutoka kwenye ringi, wamlazimishe achague: atoke akapitwe, au abaki ndani warushe bila kusumbuliwa. Miguu inayokaribia miaka 40 haiwezi kufanya uchaguzi huo mara arobaini katika mechi moja. Tena mashindano ya kanda yetu hubanwa katika siku chache, timu ikacheza leo na kesho ikaingia uwanjani tena. Misuli ya kijana wa miaka 22 hupona upesi. Ya mkongwe hudai muda zaidi. Anayemtaka Hasheem acheze dakika 30 kila siku anamtakia jeraha. Anayemtaka acheze dakika 12, kwa vipindi vya dakika nne nne, dhidi ya timu inayotegemea urefu, anaongea lugha ya ufundi.

Bukoba tumewahi kujifunza jambo hili kwa macho yetu, kwenye mchezo mwingine, soka. Kipa Juma Kaseja aliwahi kuidakia Kagera Sugar hapa Kaitaba, wakati ambapo wengi walishamhesabu miongoni mwa waliopita. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34, akaitwa tena Taifa Stars. Agosti alikuwa langoni Nairobi tulipoitoa Kenya kwa penalti katika kuwania CHAN, na Septemba alikuwa langoni Dar es Salaam tulipoitoa Burundi kwa penalti katika safari ya kutafuta Kombe la Dunia. Kocha Etienne Ndayiragije alihitaji mikono inayodaka na kichwa kisichotetemeka, akavipata kwa mtu mzima. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini.

Lakini uko pia mfano wa upande wa pili, nao una funzo zito zaidi kwenu. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Diana Taurasi wa Marekani alitwaa medali yake ya sita ya dhahabu akiwa na miaka 42. Katika fainali, ambayo Marekani iliifunga Ufaransa 67 kwa 66, hakuingia uwanjani hata dakika moja. Huyo ni mmoja wa wachezaji wakubwa katika historia ya kikapu cha wanawake, na mechi ikiwa imebanana kwa pointi moja, kocha alimwacha benchi kwa kuwa wapo waliokuwa bora siku hiyo. Timu inayoweza kumwita mkongwe ni ile ambayo kocha wake ana uhuru wa kumkalisha. Kama uhuru huo haupo, ikiwa wadhamini, mashabiki au viongozi watapiga simu kuuliza kwa nini Hasheem hakuanza, basi ni bora asiitwe, kwa faida ya timu na kwa heshima yake mwenyewe.

Sasa nije kwenye hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi: kwamba wakongwe wanawazibia vijana. Nimeipima hoja hii nikiwa huku, na naomba mnisikilize vizuri. Huku Kagera hakuna kijana hata mmoja aliyezibiwa na Hasheem Thabeet. Vijana wetu wamezibwa kabla hawajamfikia.

Kijana wa Muleba mwenye urefu na wepesi huonekana mara moja kwa mwaka, kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Hutoka shule, akapanda ngazi ya wilaya, kisha mkoa, na akijaliwa hufika taifa. Ni siku chache, mwalimu mwenye makundi ya michezo mitano mkononi, na uamuzi unaofanywa kwa mechi mbili tatu. Akimaliza kidato cha nne, ngazi hiyo inakatika. Hakuna ligi ya mkoa inayochezwa mfululizo mwaka mzima. Viwanja vingi vya shule ni vya udongo, mvua za huku zikinyesha mpira haudundi. Ubao umepinda, ringi haina wavu. Mpira mmoja hutumiwa na vijana ishirini mpaka ngozi inang'oka. Namfahamu kijana wa pwani ya Muleba, mrefu, mwenye mikono iliyoumbwa kwa rebaundi, ambaye hakucheza tena baada ya shule kwa sababu hapakuwa na pa kuchezea. Sasa yuko kwenye mitumbwi ya dagaa. Ni kazi halali na inamlisha, lakini nchi imempoteza mchezaji bila kujua kwamba ilikuwa naye. Mtu akiniambia kwamba kijana huyo alikosa nafasi kwa sababu ya mkongwe aliyeko Dar es Salaam, nitamwambia ahamishe lawama.

Wala tusiseme umbali ndio kikwazo kisichoondoka. Ni kweli kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara. Lakini mpaka wa Mutukula uko kilomita kama 80 tu kutoka Bukoba, na baada ya hapo Kampala ni mwendo wa saa chache. Upande wa magharibi kuna Rwanda, yenye ukumbi wa Kigali uliofunguliwa mwaka 2019 na kupokea msimu wa kwanza wa BAL, ligi ya klabu za Afrika, mwaka 2021. Mwaka huo huo, Kigali, Uganda ilifika robo fainali ya AfroBasket, na Kenya ikarudi kwenye mashindano hayo baada ya miaka 28. Kikapu cha Afrika Mashariki kinapanda, na Kagera iko katikati ya nchi zinazopanda. Kwenye ramani ya Dar es Salaam sisi ni mwisho wa nchi, ila kwenye ramani ya kikapu cha kanda hii tumekaa njiani.

Muleba ina visiwa pia, navyo vinanifanya nitaje kisiwa kingine. Walter Tavares wa Cape Verde, mwenye urefu sawa na wa Hasheem, alionekana kisiwani Maio akiwa na miaka 17, hajawahi kucheza kikapu. Akapelekwa Hispania kufundishwa, na mwaka 2023 akaiongoza nchi yake, yenye watu wachache kuliko mikoa yetu mingi, kwenye Kombe la Dunia. Sisemi kwamba Bumbire au Goziba kuna Tavares. Nasema hatujawahi kwenda kutazama.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mambo mawili haya, kumbakiza mkongwe na kuwalea vijana, hayapingani. Mkulima wa kibanja hang'oi mgomba mama kabla chipukizi halijashika mizizi, na akishavuna mkungu hukata shina alilaze pale pale lilishe machipukizi. Mkongwe ashughulikiwe hivyo: asing'olewe mapema, na asiachwe asimame mpaka aanguke mwenyewe. Ili hilo liwezekane, naomba mfanye haya matano.

Kwanza, mtihani uwe mmoja. Kila anayeitwa kambini, awe na miaka 19 au 39, apimwe afya, mbio, urukaji na uwezo wa kurudia kazi baada ya kuchoka. Vipimo viwekwe wazi kabla ya kambi na kila mchezaji aoneshwe matokeo yake. Hasheem akifaulu, hakuna wa kunung'unika. Akishindwa, hakuna wa kulaumiwa.

Pili, kazi yake iandikwe. Benchi la ufundi lieleze mapema ni dakika ngapi, dhidi ya timu za aina gani, na kwamba hatacheza siku mbili mfululizo bila idhini ya daktari. Kikosi cha mechi ni watu 12. Mtu wa kumi na mbili mwenye kazi maalumu ana thamani, mradi kazi yenyewe ijulikane.

Tatu, kila mkongwe apewe wa kumlea. Aitwe pamoja na vijana wawili warefu wa chini ya miaka 20, hata kama hawataingia kwenye orodha ya mechi. Namna ya kusimama bila kufanya faulo, kusoma macho ya mpiga pasi, kuchelewa kuruka mpaka mpira umetoka mkononi mwa mrushaji: haya hayapatikani kwenye video. Hasheem aliyafundishwa na makocha wakubwa, na sijasikia nchi ikimwomba rasmi ayaache hapa. Kijana mmoja kati ya hao wawili atoke nje ya Dar es Salaam, kila mara, bila kukosa.

Nne, mwisho wake upangwe sasa. Kaeni naye mkubaliane ni mashindano yapi yatakuwa ya mwisho, muyatangaze, na mumuage kwa mechi yenye hadhi. Wachezaji wetu wengi huondoka timu ya taifa kimya kimya. Siku moja jina halisomwi, basi. Baada ya hapo apewe kazi. Wenzetu wa Sudan Kusini walimpa Luol Deng, mkongwe wa NBA, uongozi wa shirikisho lao. Julai 2024 timu yao ilifungwa na Marekani ya LeBron James kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, mjini London, kabla ya kwenda Olimpiki. Mkongwe anajua milango, na anajua nani hukaa nyuma yake.

Tano, leteni kambi Kagera. Siku kumi kwa mwaka zinatosha kuanza. Timu ilale Bukoba, ifanye mazoezi mjini asubuhi, na jioni moja au mbili ishuke Muleba, Kamachumu na Nshamba, ikawapime vijana wa shule. Waalikwe wachezaji wa klabu za Kampala na Kigali kwa mechi za kirafiki, kwa gharama ndogo kuliko kuwapeleka Dar es Salaam. Asiyekuwapo na lake halipo. Tupeni nafasi ya kuwapo.

Kwenu maofisa michezo wa mkoa na wilaya, pamoja na wakuu wa shule, sitawaachia TBF mzigo wote. Kiwanja cha kikapu ni mita 28 kwa 15 tu, na mkoa huu umewahi kujenga makubwa kuliko hicho. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa majengo ya shule za Ihungo na Nyakato, na Ihungo ikajengwa upya kutoka msingi. Mkoa ulioshuhudia shule nzima ikisimama tena hauwezi kushindwa kumwaga zege la kiwanja kimoja cha uhakika Bukoba na kingine Muleba. Mkianza na hivyo viwili, mimi na wenzangu tunaojitolea tutaanzisha ligi ya vijana waliomaliza shule, tutatunza kumbukumbu za kila mchezaji, urefu wake, umri wake na takwimu zake, na tutazipeleka TBF bila kuombwa.

Na kwako kaka Hasheem, ukipata barua hii: vijana wa huku hawajawahi kukuona uso kwa uso, lakini wanaijua historia yako kuliko unavyodhani. Wakikosana nawe ni kwa sababu wanakudai kama ndugu anavyomdai ndugu. Ukiitwa, nenda ukapimwe kama mwenzao. Ukikalishwa benchi, kaa kwa furaha, wakuone. Na ukiamua mwenyewe kwamba imetosha, njoo Bukoba kabla hujaenda kupumzika. Hata siku mbili za kuwafundisha vijana warefu wa Muleba namna ya kuweka miguu zitakuwa na maana kwao kuliko mechi utakayoichezea taifa wasiyoweza kuiona.

Waheshimiwa, naomba mnijibu mambo mawili kwa maandishi kabla ya kambi ijayo: vigezo vya kumwita au kumwacha mchezaji aliyezidi miaka 35 ni vipi, na ni lini timu ya taifa itafanya kambi nje ya Dar es Salaam. Majibu hayo nitayasoma mbele ya vijana wangu kama mtakavyoyaandika.

Wenu katika ujenzi wa mchezo,

Mwalimu wa kujitolea wa kikapu
Kamachumu, Muleba, Kagera